Shemeji Anasoma Alasiri

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo hiyo hiyo nimepata mwanafunzi. Mwanafunzi mwenyewe ni shemeji, mume wa dada yangu, mlinzi wa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha unga. Shingo nene, sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kampuni yao ya ulinzi imepata wenyewe wapya, na hao wametangaza kwamba hakuna atakayekuwa msimamizi kama hawezi kusoma Kiingereza. Mtihani ni mwezi wa tano. Unakaa mbele ya jopo, unafunguliwa ukurasa wowote, unasoma kwa sauti, kisha unaeleza ulichosoma.

Amenunua kitabu barabarani, jalada limechakaa, cha kujifunzia kusoma Kiingereza. Ndani kuna habari fupi fupi za maisha ya kila siku na maarifa ya jumla: Sokoni, Kwa Daktari, Posta, Nyuki, Moyo wa Binadamu. Mimi nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri kupangiwa shule, na wakati nasubiri nakula na kulala kwa dada. Nisingeweza kukataa hata kama ningetaka, na sikutaka. Nilifurahi. Mtu hasomi miaka yote ile ili aje kusugua sufuria za dada yake tu.

Tutasoma alasiri, akishaamka, kabla hajaenda zamu.

Jumatano, 5 Machi

Somo la kwanza: Sokoni. Anasoma amesimama wima, kifua mbele, kama anatoa ripoti kwa mkuu wake, na nukta anazipita bila hata kuzisalimia. Nilicheka, naye akacheka. Ananiita mwalimu. Kabla hatujaanza alinivutia kiti na kukipangusa kwa kiganja.

Nilimsahihisha karibu kila mstari, ndiyo kazi yangu. Tulipomaliza alifunga kitabu polepole, akanishukuru, akaenda jikoni kuomba maji. Nikasikia mfuniko wa sufuria umeanguka. Nilipouliza, Dada alisema ni paka.

Hatuna paka.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Shemeji kalala mpaka saa ya zamu. Hakuna somo.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimeona. Somo lilikuwa Kwa Daktari na lilikwenda vibaya, akikwama kila baada ya neno la pili, nami nikimrudisha nyuma, nikimrudisha tena, kwa upole wa chuoni. Kabla hajainuka kitini, Dada alimtuma Chiriku kwa fundi cherehani, jirani yetu wa ukuta mmoja. Chiriku ni mtoto wao, yuko darasa la pili, na jina hilo kalipata kwa mdomo wake usiopumzika. Nilidhani katumwa sindano.

Shemeji aliingia jikoni akasema mboga imezidi chumvi. Mboga yenyewe ilikuwa bado haijatiwa chumvi. Alimpiga Dada kofi, halafu ngumi ya ubavuni, mahali panapofunikwa na nguo. Hakupiga kelele wala hakutukana. Alipiga kama mtu anayemaliza kazi aliyoachiwa. Upande wa pili wa ukuta cherehani ikaanza kulia kwa kasi, trrrrr, haikunyamaza mpaka mlango wa nje ulipofungwa na shemeji akawa ameshaenda.

Nilimwambia Dada tuondoke. Akanitazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa linavimba, akaniuliza kama kesho tuna somo. Nami namchukia yule fundi na mashine yake. Mwanamke mzima, anasikia mwenzake anauawa, anakanyaga pedeli.

Jumatano, 12 Machi

Moyo wa Binadamu. Moyo una vyumba vinne, unasukuma damu mchana na usiku bila likizo. Shemeji alikwama kwenye vyumba, akakwama kwenye damu. Dada amepoteza jino la upande wa kushoto.

Sina akili ya hesabu, ila hii nimeiweza. Kila ninapomsahihisha mimi, anapigwa Dada. Mimi hanigusi. Mimi ni shemeji, ni mwalimu na ni mgeni, ananiheshimu kupita kiasi. Aibu yote ninayompa anaibeba kwa adabu mpaka jikoni.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejaribu. Somo lilikuwa Posta. Makosa yalikuwa mengi tu, nimeyaacha yote yapite. Alitoka pale akapiga mluzi, akakaza bawaba ya kabati iliyolegea tangu nihamie. Cherehani ya jirani imelia kawaida, taratibu, ya mtu anayeshona gauni.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimegundua kitu, na sijui nicheke au nilie.

Tangu nilipoacha kumsahihisha, mtindo wetu ni kwamba kwanza nasoma mimi, kisha anasoma yeye. Habari ya leo ni Nyuki. Akasoma vizuri ajabu: malkia, masega, asali, mpaka jinsi nyuki anavyocheza kuwaonyesha wenzake palipo na maua. Nikanyanyua macho kumpongeza. Shemeji alikuwa amefunua kurasa mbili kwa pamoja. Kidole chake kilikuwa kinateleza chini ya picha ya sanduku la barua, na mdomo wake bado uko kwenye asali.

Hasomi. Anakariri. Ni kazi yao ndiyo iliyomfunza. Walinzi hawapewi amri kwa maandishi, mkuu wa zamu anaitamka mara moja, na mlinzi anairudia neno kwa neno kabla ya kuondoka. Amefanya hivyo tangu ujana wake. Sikio lake linanasa kila nilichosoma, macho yake hayajawahi kuhusika.

Nilipaswa kusema. Nilisikia Dada akimenya viazi jikoni, kisu kinagonga sinia. Nikasema, vizuri sana, shemeji.

Jumamosi, 22 Machi

Habari mpya kila siku, na kila siku anaibeba nzima nzima. Leo kaleta nyama. Uso wa Dada umeanza kurudi kwenye umbo lake.

Dada aliniuliza mumewe anaendeleaje. Nikasema vizuri. Akanishika mkono kwa nguvu, akauliza kama ni vizuri kweli, kweli kabisa, maana anataka afaulu. Nikasema kweli kabisa. Nilikasirika moyoni. Mtu anakung'oa jino nawe unamwombea cheo. Kama haya ndiyo mapenzi, basi mimi nibaki hivi hivi.

Alhamisi, 27 Machi

Nimempiga Chiriku.

Alirudi mapema kutoka shule kwa ajili ya mvua, akasimama nyuma ya kiti cha baba yake, akachungulia kitabu. Na mtoto huyu anajua kusoma. Akasema, kwa ile sauti yake ya kengele, "Baba, mbona hapo hapajaandikwa hivyo?"

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilimzaba kibao cha shavu akaangukia mlango. Shemeji alinitazama, akatikisa kichwa taratibu, akasema watoto wa siku hizi hawana heshima, na kwamba nimefanya vyema. Kisha akaendelea na somo.

Chiriku hakulia. Alikwenda mwenyewe kwa fundi bila kutumwa. Sijawahi kumpiga mtoto, na nilisomea kutompiga. Najiona nimeingia kwenye kundi la shemeji na kiti nimepewa.

Jumanne, 1 Aprili

Paa linavuja pale pale. Mabeseni yote yako sakafuni. Shemeji siku hizi anaondoka na kitabu kwapani, anawasomea wenzake langoni. Ameahidi akiwa msimamizi atanitafutia kazi ya kufundisha walinzi wote.

Alhamisi, 3 Aprili

Naandika taratibu, vidole viwili vimevimba.

Asubuhi, zamu zinapobadilishana, shemeji alikuwa langoni anawasomea wenzake Nyuki. Dereva mmoja wa lori alikuwa anangoja kufunguliwa. Akashuka, akaomba kitabu, akafungua ukurasa mwingine, akasema haya tusomee na hapa. Shemeji akatazama ukurasa. Akautazama mpaka wenzake wakaanza kukohoa. Dereva akacheka, akamwambia asiwe na wasiwasi, hata yeye kasuku wake nyumbani anajua Kiingereza.

Haya nimeyapata kwa mlinzi mwenzake aliyepita kutuonya, ila alichelewa. Shemeji alimpiga dereva rungu la mdomo. Alipoanguka akampiga la mkono, halafu la goti, halafu popote. Ilibidi wamvute kwa mshipi wake mwenyewe. Wanasema dereva alitambaa chini ya lori lake, na shemeji akainama akawa anamchokoa na rungu humo humo uvunguni.

Alifika nyumbani mikono ya shati imelowa, na si mvua. Chiriku alikuwa shule, namshukuru Mungu. Hakwenda kulala. Alikaa kwenye kiti chake, akakipangusa cha kwangu kwa kiganja, akanipa kitabu.

"Fungua popote, mwalimu."

Nikafungua. Ilikuwa Jinsi Mvua Inavyotokea, habari ambayo hatujawahi kuisoma. Akaweka kidole kwenye neno la kwanza. Mvua halisi ilikuwa inapiga mabati juu yetu, nasi tunangoja. Kidole hakikusogea.

"Ulijua?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Nilijua nini, shemeji?"

"Kwamba sisomi."

Nikasema hapana. Nilimdanganya macho kwa macho, naye alijua. Akainuka. Nikajua leo ni zamu yangu, na nakiri nilipata nafuu, nikakaza meno. Akanipita, akaingia jikoni.

Dada alikuwa ameinama anapepeta mchele. Shemeji alivua mshipi akaushika upande wa ngozi, ili chuma ndicho kifike. Alimpiga mgongoni, alipojikunja akampiga kichwani, alipofunika kichwa akaushika mkono wake akauondoa, kama unavyoondoa kitu kilichokuzuia njia, akauzungusha. Nilisikia mfupa. Mchele ulikuwa umemwagika kila mahali na Dada anateleza juu yake, anajaribu kusimama, anateleza, naye anampiga kila anapokaribia kusimama. Ukutani cherehani ilikuwa inaunguruma.

Nikauchukua mchi. Nilimpiga wa mgongo kwa nguvu zangu zote, nikampiga tena wa bega. Nilitaka afe. Sitalipamba hilo, nilitaka afe pale kwenye mchele. Aligeuka, akaninyang'anya mchi huku vidole vyangu bado vimeushika, akanisukuma kabatini, sahani zikaja juu yangu. Uso wake ulikuwa umejaa mshangao. "Shemeji," alisema, kama mtu aliyekosewa adabu nyumbani kwake.

Hapo ndipo cherehani ilinyamaza. Fundi alisimama mlangoni, mwanamke mfupi, tepu shingoni, mkasi wa kukatia vitambaa mkononi. Hakuingia. Alimwambia tu kwamba wateja wake wako kibarazani na wanasikia. Shemeji alimtazama yeye, akautazama mkasi, akaokota kofia yake, akatoka.

Nilitambaa mpaka kwa Dada. Damu ilikuwa inamtoka nyuma ya sikio, mchele umemganda shingoni. Nikadhani atanishukuru. Alinitazama kwa hasira ambayo hajawahi kumtazama nayo yule.

"Kwa nini hukumsahihisha?" alisema.

Ijumaa, 4 Aprili

Hospitali tangu asubuhi. Mkono umevunjika mara mbili, umefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko. Kichwa kimeshonwa. Dada alimwambia muuguzi ameteleza kwenye sakafu yenye maji, msimu wa mvua huu. Muuguzi, mama mtu mzima, alisema sakafu za mji huu zina ngumi nzito, akaandika.

Kwenye benchi la kungojea dawa ndipo aliponieleza. Nafasi ya msimamizi haiko hapa. Iko kwenye machimbo ya mawe, safari ya siku nzima kwa gari, na wanaokaa kule ni wanaume watupu, kambi haipokei familia. Akifaulu, anaondoka. Anarudi mara moja moja. Dada alilijua hilo kabla hata kitabu hakijanunuliwa, na ndiye aliyemwambia mumewe, mdogo wangu ni mwalimu, mwache akufundishe.

"Ulidhani nakula kipigo bure?" alisema. "Kila ulipomsahihisha nilijua kuna neno moja limeingia. Nikawa najiambia, acha aingie jikoni, neno limeshaingia. Halafu wewe ukaanza kunihurumia."

Wiki hizi zote nimemwona dada yangu mjinga wa mapenzi, na mjinga alikuwa amekaa kwenye kiti kilichopanguswa.

Kisha akaniambia habari ya fundi. Ile cherehani anaiendesha tupu, bila kitambaa. Wameshapatana tangu zamani: shemeji akiinuka kitini, Chiriku anapelekwa kule, na fundi anakanyaga pedeli ili mtoto asisikie; jana mtoto hakuwepo, mguu ulikanyaga kwa mazoea tu. Nilipita kwake jioni nikamsalimia kwa heshima zote. Akasema nikae, ana chai.

Jumapili, 6 Aprili

Bosi amemsimamisha kazi wiki moja. Amesema mkono mzito si kosa kwa mlinzi, kosa ni kuutumia langoni mbele ya wateja. Mtihani atafanya. Dereva amelazwa, taya limefungwa waya.

Wiki nzima shemeji atakuwa nyumbani.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemwambia tunaanza upya, herufi kwa herufi, kama watoto wadogo. Nimemwambia nilikosea njia ya kufundisha. Ameitikia. Dada kapigwa kofi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Kofi na teke.

Jumatano, 9 Aprili

Teke.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo alimpiga kwa kitabu chenyewe. Kurasa za katikati zimetoka, nimezibandika kwa uji.

Jumatatu, 14 Aprili

Amerudi zamu, nami nimepata maarifa. Somo hatumalizi mapema tena. Nikiona jua linashuka namwambia sentensi moja tu, shemeji, ya mwisho, halafu nyingine, halafu swali, halafu turudie. Namsahihisha kila herufi na simpi nafasi ya kuinuka. Mpaka anashtuka amechelewa, anachukua kofia na rungu, anatoka mbio na hasira zake zote kifuani. Jikoni hakufika. Dada amekula ameketi.

Nilijiona mjanja sana leo.

Jumapili, 20 Aprili

Ujanja wangu umefika mahali. Yule mzee anayeokota chupa nyuma ya kiwanda amevunjwa vidole. Amepita hapo miaka yote na gunia lake, hajawahi kuguswa. Usiku wa juzi alifukuzwa, akaanguka, shemeji akamkanyaga mkono kwa buti. Juzi hiyo tulisoma Sayari, nilimsahihisha kutoka jua mpaka sayari ya mwisho.

Kipigo hakijaisha, nimekihamishia langoni. Na lililo baya zaidi ni kwamba nilipoambiwa, kitu cha kwanza nilichokisikia ndani yangu ni furaha. Si Dada. Huruma kwa yule mzee ilikuja baadaye, na ilibidi niiite.

Kesho nitamsahihisha vile vile.

Jumamosi, 26 Aprili

Kulikuwa na mfuko wa unga mezani, wa kiwandani kwao, ambao ameulinda na kuubeba maisha yake yote ya kazi. Alikuwa anakunywa chai, jicho likaangukia maandishi ya Kiingereza yaliyo nyuma. Mdomo ukaanza kutembea. Hifadhi. Mahali. Pakavu. Aliyasoma mwenyewe, kwa macho, hakuna aliyemsomea. Akaniangalia. Akayasoma tena kwa sauti, akauliza kama ni kweli yanasema hivyo, nikasema ni kweli.

Uso ule sijawahi kuuona. Ulikuwa wa mtu mwingine, mtu ambaye huenda ningempenda. Nilisikia fahari ya mwalimu na nikajichukia papo hapo. Kisha akaionja chai, ikawa imepoa kwa sababu ya kusoma, akammwagia Dada kifuani.

Jumatano, 30 Aprili

Nimemwomba Chiriku msamaha. Aliniuliza kama sasa akiona kosa anaruhusiwa kusema. Nikamwambia asubiri kidogo.

Jumatatu, 5 Mei

Anasoma. Taratibu, kwa jasho, nukta anazisimamia, ila anasoma ukurasa wowote ninaomfungulia. Hatuzungumzii mambo mengine. Mgongoni bado ana alama ya mchi, nimeiona akinawa.

Dada ameanza kuhesabu nguo za Chiriku bila kuonekana anahesabu.

Ijumaa, 9 Mei

Mtihani leo. Aliondoka na shati jeupe ambalo Dada alilipiga pasi kwa mkono mmoja, mkono wa plasta ukishikilia kola. Sisi tulibaki. Dada alichambua maharage, akayarudisha kwenye mfuko, akayachambua tena. Fundi alikuja akakaa bila kusema ana shida gani. Mawazo yetu sote yalikuwa mamoja. Akifeli anarudi hapa leo na kesho na daima, na leo yenyewe sijui nani angeiona jioni. Nilikuwa nimeuweka mchi nyuma ya mlango wa chumbani, na fundi nilimwona hakuuacha mkasi kwake.

Alirudi saa tisa. Tulisikia buti kibarazani. Akafungua mlango, akasimama, kwa muda uso wake haukusema chochote, na fundi akaingiza mkono mfukoni.

Amefaulu. Walimfungulia habari ya mtu anayenunua tiketi ya treni, akaisoma yote, akaeleza. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Asante, mwalimu." Machozi yalikuwa yanamtoka. Akamkumbatia Dada, plasta ikamgonga kifuani, akacheka. Dada naye alicheka. Sijawahi kusikia kicheko kinachotoka mbali vile.

Jumatatu, 12 Mei

Ameondoka adhuhuri kwa lori la kampuni, na godoro lake. Kitabu amekiacha, anasema kazi yake imekwisha. Aliniambia nimwangalie dada yangu, kwamba ni mzembe mzembe, anaangukaanguka.

Alipotoweka kwenye kona Dada aliingia ndani, akafunga mlango, akakaa sakafuni akatapika.

Jumapili, 18 Mei

Tumehama. Mizigo imebebwa vipande vipande, chini ya vitambaa vya fundi, mtaa usijue. Yule muuguzi asiyeamini sakafu amempatia Dada kazi ya kufua mashuka hospitalini, plasta ikitoka ataanza. Chumba ni kimoja, dirisha linatazama ukuta. Fundi ameipanga ile nyumba yetu ya zamani, ameingiza mashine zake mpaka jikoni. Shemeji akirudi atakuta wanawake wanapimwa viuno sebuleni kwake. Nilimuuliza fundi kama haogopi. Akasema anaogopa sana, ndiyo maana ameajiri wasaidizi wawili na wote ni wake za polisi.

Jumapili, 25 Mei

Jana na leo hakuna mvua. Plasta imetoka, mkono umetoka mwembamba, umepinda kidogo.

Alasiri Chiriku alikuwa nje anaruka kamba. Dada alikaa kitandani, mahali pengine pa kukaa hapana, akachukua kitabu akasema anataka kusikia kinavyosomeka kinywani mwake mwenyewe. Aliishia darasa la tano, lakini miezi hii yote alikuwa jikoni, na jikoni kunasikika. Akachagua Sokoni. Alisoma mstari wa kwanza vizuri, wa pili vizuri zaidi, sauti ikaanza kupanda, nami nikasahau. Nikamwambia hapo amekosea.

Sote wawili tukageuka kutazama mlango.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Kamba ya Chiriku ilikuwa inapiga chini, na jirani mmoja alipita na ndoo. Tulikaa hivyo, bega kwa bega, nikisikia pumzi yake inavyokwenda, mpaka ikawa ya kawaida.

Dada akarudisha kidole kwenye ukurasa.

"Nimekosea wapi?" aliniuliza.